Kizibo cha Soda, Jembe na Faida ya Mahindi

Mfuko mmoja wa Urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Hesabu hiyo imeandikwa juu ya mfuko wenyewe, kwenye ile namba 46, na haibadiliki, mnunuzi awe na ekari moja Mbozi au ekari mia tano Trans Nzoia. Kinachobadilika ni kilo ngapi kati ya hizo 23 zitaingia kwenye mhindi, na ngapi zitapotelea hewani, zitasombwa na maji au zitaliwa na magugu. Hapo ndipo faida ya msimu inapoamuliwa. Na sehemu kubwa ya uamuzi huo imo mikononi mwa mkulima mwenyewe: namna anavyoufungua udongo na mahali anapoiweka mbolea.

Kwa miaka mingi mjadala wa mbolea barani Afrika umekuwa mjadala wa idadi ya mifuko. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikutana Abuja, Nigeria, wakaahidi kupandisha matumizi ya virutubisho vya mbolea kutoka takribani kilo 8 kwa hekta hadi kilo 50 ifikapo 2015. Mwaka huo ulifika, lengo halikufikiwa. Mei 2024 walikutana tena, safari hii Nairobi, na suala la afya ya udongo likawekwa mezani pamoja na mbolea. Tanzania nayo, kwenye Nane Nane ya Mbeya mwaka 2022, ilizindua mpango wa ruzuku, na mfuko wa DAP uliokuwa umepanda kupita shilingi 130,000 ukashushwa hadi 70,000. Ni hatua kubwa, na wakulima wameishukuru. Ila mfuko ukishafika nyumbani, kazi iliyobaki haifanywi na waziri wala na meli ya mizigo. Inafanywa na mtu aliyeshika jembe, na huyo ndiye anayepewa maelezo machache kuliko wote.

Chukua mbolea ya kupandia. DAP inabeba fosforasi kwa wingi, na fosforasi ndiyo inayousaidia mzizi mchanga kukua. Tabia yake kubwa ni kwamba haisafiri. Ikipata unyevu husogea milimita chache tu kutoka pale ilipoangukia. Kwenye udongo mwekundu wenye tindikali, kama ule wa maeneo mengi ya Nyanda za Juu Kusini na magharibi mwa Kenya, madini ya chuma na alumini yaliyomo ardhini huidaka na kuishikilia, mzizi usiweze kuifyonza. Mkulima anayeimwaga DAP shamba zima kisha akaichanganya kwa haro ameikutanisha kila punje ya mbolea na udongo mwingi wa kuikamata. Papo hapo ameiacha mbali na mche ambao mizizi yake haijazidi urefu wa kidole. Anayeiweka ndani ya shimo, chini ya mbegu, ameupunguzia udongo nafasi ya kuidaka, na ameipeleka pale mzizi wa kwanza utakapopita. Miche ya wiki tatu yenye rangi ya zambarau kwenye kingo za majani mara nyingi ni miche inayolia njaa ya fosforasi, hata kama mifuko miwili ilikwisha kumwagwa shambani humo.

Karibu, lakini isigusane. DAP iliyolaliana na mbegu huweza kuichoma kwa chumvi na amonia yake, na Urea ni kali zaidi. Ndiyo maana mabwana shamba hufundisha shimo la sentimita 10: mbolea inatangulia chini, unafuata udongo wa sentimita 5, kisha mbegu, kisha udongo tena. Sentimita 5 ni kama upana wa vidole vitatu. Ndani ya vidole hivyo vitatu mna tofauti kati ya shamba lililojaa miche na shamba lenye mapengo.

Kazi yenyewe inavyofanyika ni hivi. Kamba inavutwa kutoka upande mmoja wa shamba hadi mwingine, imefungwa vitambaa kila baada ya sentimita 60. Wa kwanza anapita na jembe, anapiga shimo kwenye kila kitambaa. Wa pili ana ndoo ya mbolea na kizibo cha soda. Anachota, anasawazisha kizibo kwa kidole gumba ili mbolea isijae kupita ukingo, anamimina, anafukia kidogo kwa mguu. Wa tatu anadondosha mbegu mbili na kufunika. Kisha kamba inahamishwa sentimita 75 mbele, na safari inaanza upya. Ni kazi ya mgongo, na kwenye mashamba mengi wanaochota na kufukia ni akina mama na vijana wa nyumbani.

Kizibo hicho kinahitaji hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha bila kujua. Kizibo kimoja kilichosawazishwa hubeba takribani gramu 5 za DAP. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ekari moja ina mashimo kama 9,000. Zidisha: zinatoka kilo 45, yaani mfuko mmoja unatosha na kidogo kubaki. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo, mimea ni ileile lakini mashimo yanakuwa 18,000, na kizibo kilekile kinamaliza kilo 90. Mkulima aliyeambiwa "kizibo kimoja kila shimo" bila kuulizwa amepimaje nafasi anaweza kununua mifuko miwili wakati alipanga mmoja. Au, na hili hutokea sana, mbolea humwishia katikati ya shamba, nusu ikapata na nusu ikakosa. Anayetumia nafasi ya 30 na ana mfuko mmoja tu, kipimo chake ni nusu kizibo.

Mbolea ya kukuzia ina matatizo ya namna nyingine. Fosforasi haisafiri, naitrojeni inasafiri mno. Urea ikimwagwa juu ya udongo wenye unyevu, kimeng'enyo kilichomo udongoni na kwenye mabaki ya mimea huanza kuigeuza kuwa amonia. Amonia ni hewa. Isipofunikwa, inaondoka, na kadiri jua linavyokuwa kali na mvua inavyochelewa ndivyo inavyoondoka kwa wingi. Robo ya naitrojeni, au hata zaidi, inaweza kupotea hivyo katika mazingira mabaya. Mkulima haoni chochote, kwa sababu chembe nyeupe zimeyeyuka na yeye anaamini zimeingia ardhini. Urea hiyohiyo ikifukiwa kama sentimita 5 kwenda chini, umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, amonia inayozalishwa hunaswa na udongo kabla haijafika juu. Mvua nzuri ikinyesha ndani ya siku moja au mbili nayo huisukuma chini, ila hakuna mkulima anayeiamuru mvua.

Wakati nao una uzito wake. Mhindi mdogo hauhitaji naitrojeni nyingi. Njaa yake hukua kwa kasi unapofikia magotini, kama wiki ya nne hadi ya sita kutegemea baridi ya mahali. Naitrojeni yote ikiwekwa siku ya kupanda, mvua za mwanzo huizamisha chini ya mizizi, hasa kwenye udongo wa kichanga. Ikichelewa hadi mbelewele kutoka, sehemu kubwa ya ukubwa wa gunzi imekwisha kuamuliwa. Na ikiwekwa kabla ya palizi, anayekula kwanza ni gugu.

Sasa tuje kwenye fedha, na mfano mzuri unatoka Busia, magharibi mwa Kenya. Kuanzia mwaka 2000, wachumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walishirikiana na wakulima wadogo wa huko kufanya majaribio kwenye mashamba ya wakulima wenyewe. Walipima viwango tofauti vya mbolea ya kukuzia kwa kijiko cha chai, shina kwa shina, mahindi yakiwa yamefika magotini. Pembeni waliweka kipande ambacho hakikupata mbolea, na kingine kilichofuata mwongozo kamili: mbegu chotara, DAP ya kupandia na CAN ya kukuzia.

Mwongozo kamili ulileta ongezeko kubwa kuliko yote, kwa wastani asilimia 91 ya mavuno. Nusu kijiko cha mbolea ya kukuzia kiliongeza asilimia 48. Kwa anayehesabu magunia, mshindi amejulikana. Kwa anayehesabu shilingi, mambo yaligeuka: nusu kijiko kilirudisha gharama yake na faida ya wastani wa asilimia 36 ndani ya msimu mmoja, ilhali mwongozo kamili, kwa bei za wakati ule na mazingira ya mashamba yale, uliwatia wakulima hasara. Kijiko kizima kiliongeza mavuno kuliko nusu, lakini mahindi ya ziada hayakulipa mbolea ya ziada kama ilivyolipa ile ya kwanza. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2008, na mwaka 2019 Duflo na Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee, walipewa Tuzo ya Nobeli ya Uchumi kwa kazi yao ya kupima mbinu za kupunguza umaskini kwa majaribio ya namna hii.

Fundisho la Busia halisemi kwamba nusu kijiko ndicho kipimo cha kila mahali. Udongo wa Busia si wa Sumbawanga, na bei za wakati ule zimepitwa. Linalobaki ni kwamba mavuno makubwa na faida kubwa ni vitu viwili, na kwamba mkulima mwenye fedha kidogo hufaidika zaidi na mbolea kidogo iliyofika kwenye shina kuliko mbolea nyingi iliyotawanywa. Zimbabwe ilishuhudia jambo la karibu na hilo. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, ICRISAT, iliwafundisha wakulima wa maeneo makavu kuweka dozi ndogo ya naitrojeni, kama kilo 17 kwa hekta, shina kwa shina kwa kutumia kizibo, na majaribio mengi mashambani yakaonyesha mavuno ya nafaka yakipanda kwa asilimia 30 hadi 50.

Hebu tuweke namba za kawaida mezani, kama mfano tu. Mkulima amenunua mfuko wa Urea kwa shilingi 70,000. Tuseme ameimwaga juu, shamba lina magugu, na kila kilo ya naitrojeni imemzalishia kilo 10 za mahindi. Kilo 23 mara 10 ni kilo 230. Jirani yake ameifukia kwa wakati baada ya palizi, na kila kilo ya naitrojeni imemzalishia kilo 20, yaani kilo 460. Mahindi yakiuzwa shilingi 500 kwa kilo, wa kwanza anapata 115,000 na wa pili 230,000. Wote wamefaidika, mmoja zaidi. Lakini bei ikianguka hadi 300, kama inavyotokea vijijini wakati wa mavuno, wa kwanza anapata 69,000. Mbolea imemla. Wa pili bado ana 138,000, karibu mara mbili ya alichonunulia. Kwa hiyo mbolea iliyofukiwa vizuri inaweza kumwokoa mkulima katika mwaka mbaya wa soko, na miaka mibaya ya soko ni mingi.

Upande wa jembe, imani iliyozoeleka ni kwamba shamba lililotifuliwa zaidi huzaa zaidi. Imani hiyo ina msingi wake. Kulima huua magugu ya mwanzo, hulainisha sehemu ya mbegu, hufungua njia ya mvua za kwanza, na huamsha naitrojeni iliyofichwa kwenye mboji. Shamba jipya lililovunjwa huwa la kijani kibichi kwa misimu michache kwa sababu hiyo. Lakini mboji hiyo ni akiba. Ikitumiwa kila mwaka bila kurudishwa, udongo huanza kugeuka vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika.

Kuna tatizo jingine lisiloonekana kwa juu. Plau ya sahani ikipita kina kilekile msimu baada ya msimu, chini yake hujengeka tabaka gumu. Maeneo mengi ya kaskazini mwa Tanzania, Babati na Karatu yakiwemo, yanalijua vizuri. Mvua ikinyesha, maji hujaa juu ya tabaka hilo kisha hutiririka bondeni, na siku kumi za jua zinatosha kunyausha mihindi ilhali ardhi ya chini ina unyevu. Njia ya kulitambua ni rahisi. Baada ya kuvuna, mkulima ang'oe mabua machache kwa jembe na kutazama mizizi. Ikiwa imeshuka kiasi cha kiganja kisha ikapinda na kwenda ubavuni, hapo chini kuna tabaka gumu, na mbolea yoyote atakayoinunua itafanya kazi kwenye kina hicho kifupi tu.

Dawa yake si kulima mara mbili. Kati ya mwaka 1999 na 2003, mtafiti Johan Rockström na wenzake walifanya kazi na wakulima wa Tanzania, Kenya, Ethiopia na Zambia kwa kutumia ripa, yaani jembe jembamba la kukokotwa na maksai linalopasua mstari mmoja bila kugeuza udongo. Mistari ilipasuliwa mahali palepale kila mwaka, na samadi au mbolea ikawekwa humohumo ndani ya mstari. Mvua iliyokuwa ikikimbia ilianza kuzama pale ilipo mizizi, na mbolea ilikuwa inaisubiri. Mavuno yaliongezeka katika maeneo mengi ya majaribio. Faida nyingine ilikuwa ya kalenda. Maksai huwa dhaifu mwishoni mwa kiangazi, na kulima shamba zima kunawashinda hadi mvua ilainishe ardhi. Mstari mmoja wanaumudu ardhi ikiwa bado kavu, na mkulima anapanda na mvua ya kwanza badala ya kungoja zamu ya trekta.

Zamu hiyo ya trekta inagharimu zaidi ya kodi yake. Katika miaka ya 1960, mbegu chotara zilipokuwa zinaanza kuenea Kenya, mtafiti A. Y. Allan wa Kitale aliendesha majaribio magharibi mwa nchi kulinganisha mambo mawili: kwa upande mmoja mbegu chotara na mbolea, kwa upande mwingine utunzaji wa shamba, yaani kupanda mapema, kuwa na mimea ya kutosha na kupalilia kwa wakati. Chotara na mbolea kwenye shamba lililopuuzwa vilizaa pungufu ya mbegu ya kienyeji isiyo na mbolea kwenye shamba lililotunzwa. Vyote viwili vilipokutana, mavuno yalizidi yote mengine kwa mbali. Miaka sitini imepita, na bado mkulima anakopa fedha za DAP kisha anapanda wiki tatu baada ya mvua kwa sababu trekta ilikuwa kijiji cha pili.

Je, basi watu waache kulima kabisa? Wanaohubiri kilimo hifadhi, yaani kupanda bila kutifua udongo na kuacha matandazo shambani, wamesema hivyo kwa nguvu, na ni haki yao kusikilizwa, lakini ushahidi unataka utulivu. Mwaka 2015 jarida la Nature lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 610 kutoka nchi 63. Kuacha kulima peke yake, bila matandazo wala mzunguko wa mazao, kwa kawaida kulipunguza mavuno. Kulipounganishwa na hayo mawili kwenye maeneo makavu yanayotegemea mvua, mavuno yalipanda kwa asilimia 7.3. Mwaka 2020 mtafiti Marc Corbeels na wenzake walichambua takwimu za nchi 16 za Afrika kusini mwa Sahara, na kwa mahindi wakapata ongezeko la wastani la asilimia 4. Hiyo ni nyongeza ndogo. Mtafiti Ken Giller wa Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, alikuwa ametahadharisha mwaka 2009 kwamba mabua yanayotakiwa kubaki shambani ndiyo chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi, na kwamba magugu yanayoota pasipolimwa huongeza mzigo wa palizi, mzigo ambao hubebwa na wanawake.

Mkulima anayeacha plau kwa kutarajia magunia mengi ghafla atakata tamaa. Anayeiacha kwa kupiga hesabu ya kodi ya trekta, ya mvua iliyozama na ya siku alizowahi kupanda ana sababu nzuri, mradi abadilishe pia namna yake ya kuweka mbolea. Na hapa jembe na mbolea huwa jambo moja. Shamba lenye matandazo likimwagiwa Urea juu, chembe huangukia kwenye mabua, na mabua ndiyo yenye kimeng'enyo kingi cha kuigeuza kuwa hewa. Hasara inakuwa kubwa kuliko kwenye udongo mtupu. Tena vijidudu vinavyoozesha mabua makavu hula naitrojeni ya udongo, na mihindi huwa ya manjano misimu ya mwanzo. Wakulima wengi waliokiacha kilimo hifadhi walikiacha hapo, wakiamini njia yenyewe ndiyo mbaya. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia wasogeze matandazo kwa mguu, wachome shimo, waweke mbolea chini yake na kufukia.

Kila ardhi ina madai yake. Kongwa, mkoani Dodoma, Waingereza walileta matrekta mwaka 1947 kwa mpango mkubwa wa karanga. Walifyeka pori na kulima kwa nguvu za mashine, lakini udongo wa huko ulikauka ukawa mgumu kiasi cha kuvunja zana, mvua ikawakatalia, na mwaka 1951 mpango ukafutwa. Kwenye wilaya hiyohiyo na jirani yake Kiteto, watafiti wa mradi wa Africa RISING waliwafundisha wakulima wa mahindi kupasua kwa ripa na kufunga matuta ili mvua kidogo inayonyesha isitoke shambani. Mahali pakavu, maji yakitangulia kushikwa ndipo mbolea inapolipa.

Mbinga, mkoani Ruvuma, hali ni kinyume: milima mikali na mvua nyingi. Wamatengo wameilima miteremko hiyo kwa zaidi ya karne moja kwa mashimo ya ngoro. Majani yanafyekwa na kupangwa kama wavu juu ya ardhi, udongo unachimbwa kutoka katikati ya kila jicho la wavu na kufunika majani hayo, na juu ya kingo zinazobaki hupandwa maharage, kisha mahindi. Shimo linakamata maji na udongo uliotaka kukimbia, na majani yaliyozikwa yanaoza chini ya mizizi. Katika kazi hiyo moja mna kilimo cha kuzuia mmomonyoko na uwekaji wa mbolea hai pale pale panapohitajika. Wataalamu wa udongo kutoka nchi za mbali wamefunga safari kwenda kujifunza kwao.

Mbolea ya dukani peke yake nayo haiendi mbali. Kabete, nje kidogo ya Nairobi, kuna jaribio lililoanza mwaka 1976 na kuendelezwa kwa miongo kadhaa. Mbolea ya viwandani iliyounganishwa na samadi, mabua yakirudishwa shambani, imekuwa mbele ya mbolea ya viwandani peke yake. Na pale udongo ulipozidi tindikali, kizibo cha DAP kitatoa jibu dogo hadi chokaa ya kilimo itangulie. Kupima udongo kabla ya kununua mfuko ni sehemu ya hesabu ya faida.

Serikali zetu zimetumia fedha nyingi kuleta mifuko. Sehemu ndogo ya fedha hizo ikiingia kwenye ripa za maksai vijijini, kwenye mashine za mkono zinazodondosha mbegu na mbolea kwa pigo moja, na kwenye pikipiki na mafuta ya mabwana shamba ili wawepo shambani wiki ya kupanda na wiki ya kukuzia, ruzuku ileile itazaa magunia mengi zaidi. Mkulima anayenunua mbolea kwa kuuza mbuzi anastahili kuambiwa kwa lugha nyepesi inakwenda wapi akiimwaga juu.

Kwa anayetaka ushahidi wa shamba lake mwenyewe, msimu huu achague mistari minne inayofuatana, yenye urefu wa mita 10 na nafasi ya sentimita 75. Miwili aiwekee Urea kwa kufukia, miwili aimwagie juu kama alivyozoea, kiasi kilekile, siku ileile. Aweke vijiti vya alama, apalilie yote sawa, na wakati wa mavuno avune kila jozi peke yake, akaushe, apukuchue na kupima kwa mizani ya dukani. Kila jozi inachukua mita 15 za mraba, na ekari ina vipande kama hivyo 270. Tofauti ya kilo moja kwenye mizani ni sawa na kilo 270 kwa ekari, karibu magunia matatu. Akizidisha kilo hizo kwa bei ya soko lake na kutoa malipo ya kibarua wa kufukia, atakuwa na jibu la msimu ujao kabla hajakwenda kununua mbolea.